Aliambiwa Simama

Mume wangu alipigwa risasi na askari wa zamu kando ya ua wa kambi ya jeshi, asubuhi, akiwa anakata nyasi za ng'ombe. Nalisema hilo mwanzo kabisa kwa sababu nimeona watu wakinisikiliza huku wakingoja nifike kwenye risasi, na wakishafika hapo hawasikii tena. Mimi ninachotaka kisikike ni kingine. Aliambiwa neno moja, akalifanya. Alitii. Kwa muda mrefu hilo ndilo jambo pekee nililotaka mtu wa kambi aliseme kwa kinywa chake mbele ya watu.

Shamba letu liko upande wa Mitaboni, kwenye mteremko. Chini kuna kijito, na ng'ambo ya kijito ndipo ua wa kambi unapita. Nilipoolewa nilikuta kambi iko pale, na hatukuwa na ugomvi nayo. Askari walinunua kwetu maziwa na maparachichi. Nyasi za kando ya ua zilikuwa ndefu kwa sababu mbuzi hawakuachwa kufika huko, na wao wenyewe walipenda tuzikate ili nyoka wasijifiche. Mume wangu alikuwa akikata pale miaka yote. Walimjua. Walimwita "mzee wa mundu", ingawa hakuwa mzee, na yeye aliwaita wote "afande", hata yule wa kuchota maji.

Halafu likaja lile bomu la Nairobi, na ulinzi ukakazwa kila mahali. Askari waliotujua walihamishwa wakaja wengine. Ndipo tukaitwa barazani kwenye uwanja wa shule, tuelezwe utaratibu mpya.

Afisa aliyekuja alikuwa mtu mchangamfu, mwenye Kiswahili cha mahali pengine, si cha kwetu. Alieleza vizuri. Alisema askari wa zamu haruhusiwi kumpiga raia risasi hivi hivi. Lazima kwanza apaze sauti aseme "simama", mara tatu. Asiposikilizwa, apige hewani. Akipuuzwa hata hapo, apige miguuni. Kuua ni mwisho kabisa, tena pale tu ambapo maisha ya askari au ya mtu mwingine yako hatarini, na hapo ndipo anaruhusiwa kuruka hatua zile nyingine.

"Na nyinyi raia kazi yenu ni moja tu," akasema. "Ukisikia simama, simama. Rahisi namna hiyo."

Naibu wa chifu alikuwa akitafsiri kwa Kikamba kwa ajili ya wazee. Akasema ũngama. Ndilo neno letu. Mtu aliyekaa ukimwambia ũngama anainuka, na anayetembea ukimwambia ũngama anakoma. Kumbe ni sawasawa na hilo la Kiswahili, lakini siku hiyo hakuna aliyefikiria mambo ya maneno.

Mama mmoja akauliza, "Na kama niko na kuni mgongoni?"

"Simama nazo, mama."

Mzee mmoja anayependa mzaha akainua fimbo yake. "Afande, mimi niko na swali la maana. Kama tumbo limenishika, nimechuchumaa kwa kichaka, halafu kijana wako aniambie simama?"

Uwanja mzima ulicheka. Afisa naye alicheka mpaka akavua kofia.

"Hata hapo, mzee, simama!"

"Hivyo hivyo nilivyo?"

"Hivyo hivyo! Askari wangu atageuza uso."

Tulirudi nyumbani tukiwa bado tunacheka. Mume wangu aliwarudia watoto maneno yale jioni, akichuchumaa na kuinuka, akishika suruali. Alikuwa hodari wa kuiga watu.

Siku aliyokufa ilikuwa ya baridi ya katikati ya mwaka, na ukungu ulikuwa umelala juu ya kijito. Kwetu ukungu wa majira yale unaweza kumficha ng'ombe aliye karibu kiasi cha kumsikia akitafuna. Yeye alitangulia na mundu na kamba. Mimi nilibaki juu nikichuma maharagwe. Sikumwona, lakini sauti hupanda vizuri kutoka pale chini.

Nilisikia, "Simama!"

Nikajua ni askari. Sikuwa na wasiwasi. Nilifikiri labda kuna mtu anapita. Nadhani na yeye alifikiri hivyo, maana alikuwa chini, ndani ya nyasi, na mtu aliye chini hadhani kwamba anaonekana.

Kisha nikasikia tena, kwa sauti ya juu zaidi, "Simama!"

Halafu bunduki. Mara moja.

Sikusikia neno mara ya tatu. Sikusikia risasi ya hewani. Haya nimeyasema kila nilipoulizwa, na sijawahi kuongeza wala kupunguza.

Nilipofika kijitoni nilimkuta askari kijana amepiga magoti, amevua shati lake la juu na kulikandamiza kwenye kifua cha mume wangu. Aliniambia, "Mama, usikaribie," na papo hapo akaniambia, "Mama, nisaidie kushika hapa." Nikashika. Mundu ulikuwa bado uko mkononi mwa mume wangu, na vidole nilivifungua mimi. Askari wengine walikuja wakikimbia, wakambeba hadi kwenye gari, wakaondoka naye mbio kuelekea hospitali ya Machakos. Nasema ukweli, hawakumwacha. Walimkimbiza kama ndugu yao. Alikata roho njiani.

Habari zilifika sokoni kabla sijarudi kutoka mochari. Kambi ilikuwa imesema kwamba raia mmoja alikaidi amri na kumwinukia askari akiwa na silaha. Ni maneno machache, lakini yalitosha. Kwa muuza mafuta ya taa niliwasikia wawili wakisema, bila kujua niko nyuma yao:

"Lakini na yeye, mundu kwa askari? Si ni kujitakia?"

"Wee, usiseme hivyo. Mtu akiwa na hasira hachagui."

"Hasira gani? Yule alikuwa mpole."

"Ndio hao. Hao wapole ndio hulipuka."

Nililipia mafuta yangu nikaondoka. Binti yetu mkubwa, aliyekuwa darasa la tano, alirudi kutoka shuleni siku hiyo bila kitambaa cha shingo, uso umevimba.

"Mama, wanasema baba alikuwa mkaidi."

"Nani wanasema?"

"Wote."

Mtu akinijia leo akaniuliza kwa nini sikutaka pesa, kwa nini sikutafuta wakili, nitamwambia ni kwa sababu ya jibu hilo. Wote. Nilikuwa na watoto ambao wangekua miongoni mwa hao wote.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, ndiye aliyesimamia mambo yetu. Alitaka tuzike haraka. "Mke wa ndugu yangu," alisema, "jeshi si jirani ambaye utaenda kwake mzungumze yaishe. Ukigusa hapo unagusa ukuta." Nilimwambia sitaki kugusa ukuta, nataka neno moja tu litoke upande ule wa ukuta. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Lakini alienda kwa naibu wa chifu, naibu wa chifu akaenda kambini, na mwishowe tukaambiwa kutakuwa na kikao cha uchunguzi na kwamba mjane anaweza kuja kusema alichosikia.

Sikulala vizuri hata mara moja kabla ya kikao hicho. Nilikuwa nikirudia maneno kichwani nikiwa nakamua, nikiwa nafua. Mimi nilimaliza darasa la nane tu, na Kiswahili changu ni cha shule na cha soko. Niliogopa kukosea. Lakini niliona jambo lenyewe ni dogo: walimwambia asimame, akasimama. Nani angeweza kukosea hapo?

Chumba kilikuwa na meza ndefu, maafisa watatu, na askari mmoja wa kupiga taipu. Yule afisa mchangamfu wa barazani hakuwepo, alikuwa amehamishwa. Aliyekuwa katikati ya meza alikuwa mtu mzima, mwenye macho ya kuchoka, anayesema polepole. Alinikaribisha vizuri. Aliniita mama, akaagiza niletewe kiti. Mimi, shemeji na naibu wa chifu tuliketi upande mmoja.

Yule askari kijana aliingia wa kwanza. Alisimama wima, macho ukutani, akasema kama anayesoma kitu alichokariri.

"Afande, niliona nyasi zikitikisika karibu na ua. Nikapaza sauti, simama. Hakuna aliyejibu. Nikapaza tena, simama. Mtu akainuka ghafla kutoka ndani ya nyasi, ana chuma mkononi. Nikaona maisha yangu yako hatarini. Nikapiga."

"Uliita mara ngapi?"

"Mara mbili, afande. Ya tatu hakunipa nafasi. Aliinuka."

"Ulimwambia asimame kwa maana gani?"

"Asisogee, afande. Akae vile alivyo. Ndivyo tulivyofundishwa."

Nilidhani kila mtu mle ndani amesikia nilichosikia. Nikatazama nyuso zao, na zilikuwa zilezile.

Nilipopewa nafasi nilisema nilichotayarisha. Nikaeleza shamba, ukungu, sauti. Nikasema, "Aliambiwa simama, naye akasimama."

Afisa akaitikia kwa kichwa, kwa upole. "Ndiyo, mama. Hata askari anasema hivyo. Alisimama."

"Ndiyo. Alisimama."

"Basi hapo hatubishani."

Nikahisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Alikuwa akikubaliana nami, na kila alivyokubali ndivyo mume wangu alivyozidi kuwa na makosa. Nikajaribu tena.

"Afande, sisemi alisimama hivyo. Nasema aliambiwa asimame, na yeye alikuwa chini, sasa akasimama."

"Tumeelewa, mama. Alikuwa chini, akasimama."

"Si kusimama kwa kupigana!"

"Kusimama kwa namna gani?"

Hapo maneno yaliniishia. Nilipokuwa nikitafuta la Kiswahili likaja la kwetu. Nikasema, "Alifanya vile naibu wa chifu alituambia barazani. Aliambiwa ũngama, akaũngama."

Taipu ilikuwa ikilia nyuma yangu. Ikanyamaza.

Afisa akainama mbele. "Aliungama? Aliungama nini?"

Sikuelewa anauliza nini. Masikio ya Mkamba hayachanganyi yale maneno mawili, lakini yeye hakuwa Mkamba, na alichosikia ni kwamba mume wangu alitubu, alikiri kosa.

"Aliungama kwa nani, mama? Kabla ya kufa?"

"Hapana! Akaũngama tu! Pale kwa nyasi!"

"Andika," afisa akamwambia yule wa taipu, "mjane anasema marehemu aliungama."

Shemeji yangu alishika kichwa. Naibu wa chifu ilibidi ainuke, akakohoa, akaeleza kwamba kwa lugha yetu neno hilo si kuungama, ni kusimama.

"Kumbe," afisa akasema. "Basi tunarudi palepale. Alisimama. Futa hiyo."

Askari wa taipu alitabasamu kidogo, akajizuia. Simlaumu. Lingekuwa jambo la kuchekesha mahali pengine.

Nikamgeukia naibu wa chifu. "Si wewe ulitafsiri? Waambie. Yule mzee aliuliza, nikiwa nimechuchumaa je? Akajibiwa nini?"

Naibu wa chifu alikuwa akitazama viatu vyake. "Ule ulikuwa mzaha, mama watoto," akasema kwa sauti ya chini. "Hapa ni kikao."

Nilichofanya baada ya hapo sikukipanga. Maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa yamenigeuka. Nilitoka kwenye kiti nikachuchumaa katikati ya chumba, kwenye saruji, kama mtu anayekata nyasi. Nikabaki hapo. Shemeji akaniita kwa aibu, "Shemeji, tafadhali." Sikumjibu. Mmoja wa maafisa wa pembeni akasema, "Mama huyu anaumwa?" Nilikuwa nikilia, lakini bila sauti.

Afisa wa katikati aliinuka nusu kutoka kitini. Sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na huruma.

"Mama," akasema, "simama."

Nikasimama.

Nilikuwa nimesimama mbele ya meza, mikono imelegea, na niliona jambo lile likimfikia afisa. Lilianza machoni, kisha mdomo wake ukafunguka kidogo. Akamtazama yule kijana aliyekuwa bado amesimama wima kando ya mlango. Kijana alikuwa ameacha kutazama ukuta. Alikuwa ananitazama mimi, na uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya majivu.

Nikafikiri, sasa. Sasa watasema.

Afisa akafunga faili lililokuwa mbele yake. "Mpelekeni mama apate chai," akasema.

Tulikaa nje kwenye benchi kwa muda mrefu. Chai ilikuwa nzuri, yenye maziwa mengi, labda ya ng'ombe wa jirani zetu. Tulipoitwa ndani tuliambiwa kwamba kikao kimeona utaratibu ulifuatwa, kwamba askari aliamini kwa dhati kuwa maisha yake yako hatarini, na kwamba hii ilikuwa ajali ya kusikitisha. Neno kukaidi halikutajwa. Wala kutii halikutajwa. Shemeji yangu alishukuru. Hata leo sijui alishukuru nini, lakini najua ni kwa sababu alitaka tutoke tukiwa wazima.

Walipotangulia kuelekea getini mimi nilibaki nyuma, kwa kuwa nilitaka kunawa uso kwenye mfereji wa tangi la maji. Yule afisa wa katikati alinifuata huko. Alikuwa peke yake, kofia mkononi.

"Mama," akasema. "Alitii."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Umesema nini, afande?"

"Mume wako alitii. Nimeliona."

Nilishika tangi lile kwa mikono miwili. "Basi rudi ndani useme. Waite wale, useme hivyo tu. Sitaki kingine. Sitaki hata shilingi."

"Nikilisema ndani, yule kijana anaenda jela. Atakuwa amemuua raia aliyekuwa akitii amri. Na neno hilo ni sisi tulimfundisha. Yeye naye alitii."

"Mimi sijaomba aende jela."

"Najua hujaomba. Lakini mle ndani hakuna njia ya kusema la mumeo bila kusema lake."

Nilikumbuka kijana yule akiwa amepiga magoti, na shati lake, na namna alivyoniambia nishike. Nilitaka kumchukia na sikupata pa kuanzia. Nilichopata ni uchovu, uchovu ambao sijawahi kuupata hata wakati wa kuzaa.

"Nikawaambie nini watoto?"

"Waambie baba yao alitii."

"Wataniuliza nani amesema."

Alivaa kofia yake, akainyoosha, akanipigia saluti. Mimi, mama wa mashambani mwenye maji usoni. Kisha akarudi ndani.

Tulimzika wiki ileile ya kikao. Askari walituma unga, mchele na gari la kubeba jeneza. Aliyesoma maisha yake kaburini ni shemeji, naye alipofika mwisho alisoma kwamba alipata ajali akiwa kazini. Nilipopewa nafasi ya kuwashukuru watu, nilishukuru, kisha nikasema niliyokuwa nayo: "Mume wangu aliambiwa asimame, akasimama." Nikawaona wanawake wakitikisa vichwa kwa huzuni, na nyuma yao mwanamume mmoja akamwinamia mwenzake akamnong'oneza. Sikusikia, lakini nilijua anasema nini. Hata mkewe amekubali. Nikaongeza haraka, "Alitii," ila sauti ilikuwa imekwisha, na mchungaji akadhani nimemaliza, akaanzisha wimbo.

Siku chache baadaye nilikuwa uani na binti yangu tunapukuchua mahindi.

"Mama, pale kaburini ulisema baba alitii."

"Ndiyo."

"Nani amesema?"

"Nimesema mimi. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Na wa kambi?"

Ningeweza kudanganya upande wowote. Nikasema, "Mmoja wao alisema."

"Alisema kwa kile kikao?"

"Hapana. Alisema nje. Kwa tangi la maji, tukiwa wawili."

Akaacha gunzi alilokuwa nalo. "Kwa nini hakusema ndani?"

Nilitazama uso wake. Ili kumjibu ilibidi nimweleze habari za yule kijana, na nikishamweleza angeanza kumchukia au kumhurumia, na yote mawili yalikuwa mazito kwa mtoto wa darasa la tano. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaweza hata moja.

"Mama? Kwa nini hakusema ndani?"

Nikamwambia sijui. Akaniangalia kwa muda, akijua kabisa kwamba najua, kisha akaokota gunzi lake tukaendelea.